Kusoma Nyota Kutoka Suam kwa Programu za Bure

Mapema mwezi Desemba, mvua zikishapungua na mahindi ya Endebess yakiwa yamevunwa, simama Suam saa tatu usiku, uzipe mgongo taa za kituo cha mpaka, kisha uyaachie macho dakika kumi yazoee giza. Tazama kaskazini. Kwa kimo cha theluthi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini utaona nyota tano zilizopangika kama herufi M. Ile ya katikati huitwa Gamma Cassiopeiae. Sasa geuka kusini. Kwa kimo karibu kilekile kuna nyota kali yenye rangi ya buluu, iliyosimama peke yake. Hiyo ni Achernar.

Nyota hizi mbili ni za ukoo mmoja. Zote zinajizungusha kwa kasi kubwa mno, na zote hutupa gesi ikazizunguka kiunoni kama sahani. Aliye Paris haioni Achernar hata siku moja akiwa kwao, kwa kuwa haichomozi huko. Aliye Cape Town naye haioni Gamma Cassiopeiae. Mtu wa Suam, aliye digrii moja na kidogo tu kaskazini mwa ikweta, huziona zote mbili usiku mmoja, saa ileile, kwa kugeuza shingo.

Lakini jicho tupu halitamwambia kwamba hizo ni ndugu. Kinachosema hivyo ni spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa ukawa ufito wa rangi, kama mvua inavyoutawanya mwanga wa jua ukawa upinde. Mwaka 1866, padri Angelo Secchi aliitazama Gamma Cassiopeiae akiwa Roma. Nyota nyingi alizokwisha kuzitazama zilikuwa na mistari ya giza mahali pa haidrojeni. Hii ilikuwa na mstari unaong'aa mahali palepale. Ndiyo nyota ya kwanza ya aina hiyo kujulikana, na leo kundi hilo huitwa nyota za aina ya Be.

Kazi ya Secchi sasa inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari wa Kitale au Kimilili mwenye kamera, kipande cha kioo chenye mistari myembamba ya kutawanya mwanga, na kompyuta iliyochakaa kidogo. Wanaoanza huuliza wanunue darubini gani. Mimi naona swali la kutangulia ni jingine: watatumia programu gani? Picha ya ufito wa rangi ni nzuri ya kutundika ukutani, lakini haisemi kitu mpaka igeuzwe kuwa grafu yenye vipimo. Kazi hiyo ni ya programu, na programu nzuri zipo bila malipo.

Kabla sijazitaja, niseme kwa nini jambo hili linatuhusu Wakenya kwa namna ya pekee. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliyapa mataifa nafasi ya kuzipa majina nyota na sayari za mbali. Kenya ilipewa nyota iliyokuwa na namba tu, HD 83443, katika kundi la Vela kwenye anga ya kusini. Ikaitwa Kalausi, na sayari yake ikaitwa Buru. Ni maneno ya Kijaluo: kimbunga cha kisulisuli, na vumbi. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka 2000, na hakuna aliyeiona. Watafiti waliona mistari ya spektra ya nyota ikisogea mbele na nyuma kidogo sana kila baada ya siku tatu, wakajua kuna kitu kinaivuta. Hata zile herufi HD zina asili hiyo hiyo. Ni kifupi cha katalogi ya Henry Draper, iliyochapishwa kati ya 1918 na 1924, ambamo Annie Jump Cannon wa Harvard alizipanga nyota zaidi ya laki mbili kwa kuzisoma spektra zao moja moja kwenye mabamba ya picha. Picha za anga ya kusini zilipigwa Arequipa, nchini Peru. Kwa hiyo nyota yenye jina la Kenya ilipata namba yake, na sayari yake, kwa njia ya spektra.

Tuje kwenye vifaa, kwa ufupi. Kioo kinachotumiwa sana na wanaoanza duniani ni Star Analyser 100, chenye mistari 100 katika kila milimita, kinachofungwa mahali pa kichujio cha darubini au mbele ya lenzi ya kamera. Huagizwa kutoka Uingereza, na kwa shule nyingi ndicho kitu cha pekee cha kununuliwa. Kamera yenye lenzi ya milimita 50 juu ya stendi ya miguu mitatu inatosha kwa nyota angavu. Pikseli za kamera zikiwa za maikromita 5, kioo hicho mbele ya lenzi hiyo hukupa nanomita 1 kwa kila pikseli. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Wasio na mtambo wa kuifuata nyota wasivunjike moyo. Zungusha kioo mpaka ufito wa rangi uelekee kaskazini na kusini, kisha acha kamera wazi sekunde 10 au 20. Nyota itateleza kuelekea magharibi na kuupanua ufito ukawa utepe mpana, na mistari ya giza itajitokeza wazi kuliko katika uzi mwembamba. Nyota za Orion huteleza karibu moja kwa moja, bila kupinda.

Sasa programu.

Kama una kompyuta ya Windows, hata ya miaka mingi, ushauri wangu ni BASS Project, iliyoandikwa na John Paraskeva. Ni ya bure. Sababu ya kuipendelea ni moja: inakuonyesha ufito wa picha juu na grafu chini yake kwa wakati mmoja. Ukiona bonde kwenye grafu, unainua macho na kuona mstari wa giza uliolizaa. Kwa anayeanza hakuna somo kubwa kuliko hilo, kwa sababu kosa la kwanza la kila mtu ni kuamini grafu huku akiwa ameisahau picha. Ndani yake kuna pia spektra za mfano za nyota za kila aina, kwa ajili ya kulinganisha.

Visual Spec ya Valérie Desnoux, Mfaransa, ni ya zamani zaidi. Nayo ni ya bure na ya Windows, nyepesi, na haina haja na kompyuta yenye nguvu. Sura yake ni ya miaka iliyopita na itakubidi usome maelekezo kwa subira, lakini imewafundisha wanaastronomia wengi wa ridhaa kabla yetu. Kompyuta yako ikiwa dhaifu kiasi cha kulemewa na programu mpya, anza nayo.

Na kama kompyuta za shule yako zinaendeshwa na Linux, au hujui zinaendeshwa na nini, chukua ImageJ. Hii haikutungwa kwa ajili ya nyota. Ilianzishwa na Wayne Rasband katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, kwa ajili ya wanasayansi wanaopima picha za hadubini. Hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux bila ubaguzi. Unachora kisanduku juu ya ufito, unaiomba ikupe grafu ya mwanga, unahifadhi namba zake, kisha unazifungua kwenye jedwali la hesabu la LibreOffice. Haijui nanomita ni nini. Kuweka kipimo ni kazi yako mwenyewe, kwa hesabu za darasani. Na hapo ndipo ninapoipenda kwa ajili ya shule kuliko zote, maana mwanafunzi akishaiweka mizani ya mawimbi kwa mkono wake, programu yoyote atakayoikuta baadaye haitamficha kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Elekeza kamera kwa Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ambayo mwezi Januari huwa juu upande wa mashariki mapema jioni. Kwenye picha utapata nukta ya nyota yenyewe na ufito pembeni yake. Hakikisha ufito ndio uliolengwa ukawa mkali, hata kama nukta itafifia, na usiiache picha iungue kwa mwanga mwingi. Tuseme nukta iko kwenye pikseli ya 120. Katika ufito wa Sirius kuna mabonde ya haidrojeni yaliyo wazi, na lile la buluu-kijani liko pikseli ya 606. Vitabu vyote vinakubaliana kwamba mstari huo uko nanomita 486.1. Kutoka 120 hadi 606 ni pikseli 486. Basi kila pikseli ni nanomita moja, kama tulivyotarajia. Halafu jipime: mstari mwekundu wa haidrojeni uko nanomita 656.3, hivyo unapaswa kuonekana karibu na pikseli ya 776. Ukiukuta hapo, umefaulu.

Hatua hiyo ya mwisho usiiruke. Mimi niliiruka. Nilichukua bonde la zambarau, lililo nanomita 434, nikalipa kipimo cha 486 kwa kuwa ndilo nililoliona kwanza, nikaendelea kwa furaha. Grafu ilikuwa nzuri kuitazama. Nilipokuja kuutafuta mstari mwekundu niliukuta umeandikwa 735, mahali ambapo haidrojeni haina chochote. Usiku mzima wa picha ulikuwa sahihi, na namba zote juu yake zilikuwa za uongo. Programu haikunionya, wala haikuwa kazi yake.

Baada ya kipimo cha mawimbi kuna kazi nyingine ambayo wengi huichukulia juujuu. Kamera haioni rangi zote kwa nguvu sawa, na kioo hakitawanyi rangi zote kwa usawa. Grafu yako ya Sirius itakuwa na kilima katikati na miteremko pembeni, wakati nyota yenyewe ina nguvu zaidi upande wa buluu. BASS na Visual Spec hukuwezesha kuigawanya grafu yako kwa grafu ya mfano ya nyota ya aina ileile, ukapata picha ya udhaifu wa kamera yako, kisha ukautoa kwenye kila nyota utakayoipiga usiku huo. Kwenye jedwali la hesabu nako inawezekana. Ni ndefu, lakini ni kugawanya tu.

Jambo moja dogo linaharibu mengi: piga picha kwa mfumo ghafi wa kamera, si JPEG. JPEG imekwisha kupikwa ili ipendeze, na mwanga uliopikwa haupimiki vizuri. Programu ya Siril, nayo ya bure kwenye mifumo yote mitatu, hubadilisha picha ghafi kuwa faili za FITS, ambazo ndizo lugha ya wanaastronomia, na inaweza kuzipanga picha nyingi zikawa moja iliyo safi. Stellarium nayo itakuambia nyota gani iko wapi saa gani. Programu zote zipakuliwe mara moja mjini Kitale au Bungoma kwenye mtandao mzuri, pamoja na vitabu vyake vya maelekezo, zihifadhiwe kwenye diski ndogo na kugawiwa darasa zima. Programu nilizotaja hufanya kazi bila intaneti zikishawekwa. Bando lako libaki kwa mambo mengine.

Wengine watakuelekeza kwenye ISIS ya Christian Buil, au Demetra ya kampuni ya Shelyak. Zote mbili ni za bure, na ni kazi za heshima kubwa. Lakini zimetungwa hasa kwa ajili ya vifaa vyenye mwanya mwembamba na taa za kupimia, vyenye gharama ambayo shule nyingi za Trans Nzoia haziwezi kuifikiria kwa sasa. Kumwanzisha mtoto kwa ISIS ni kama kumkabidhi trekta aliyekuja kulima bustani ya sukuma. Ziache zimngoje. SpcAudace inafaa kwa wenye Linux ambao hawaogopi kusoma maelekezo ya Kifaransa, na wanaojua lugha ya Python wana Astropy na specutils. RSpec ya Tom Field, inayosifiwa sana, ni rahisi na huonyesha grafu papo hapo kutoka kwenye video, ila si ya bure: ina siku 30 za majaribio, kisha hulipiwa. Usijenge klabu ya shule juu ya siku 30.

Na simu? Programu hizi ni za kompyuta. Simu inafaa kwa jaribio la mchana, ambalo ningependa kila mtoto alifanye kabla ya kugusa nyota. Chukua CD ya zamani. Nyuzi zake zimepishana kwa maikromita 1.6, yaani mistari 625 kwa kila milimita. Tengeneza boksi la karatasi ngumu lenye mwanya mwembamba upande mmoja na kipande cha CD upande wa pili, uelekeze mwanya kwenye wingu jeupe, na kamwe usiuelekeze kwenye jua lenyewe wala kulitazama. Utaona, kwa jicho au kwa kamera ya simu, mistari ya giza ambayo Joseph Fraunhofer aliichora mwaka 1814: sodiamu kwenye manjano karibu na nanomita 589, haidrojeni kwenye nyekundu. Kisha uelekeze kwenye taa ya kubana umeme ya aina ya zamani, ile yenye mrija uliojisokota. Zebaki iliyomo itakupa mistari angavu ya nanomita 436 na 546. Kamera ya kompyuta ikiwekwa mahali pa jicho, programu ya bure ya Theremino Spectrometer huchora grafu yake palepale, na mistari hiyo miwili ya zebaki ndiyo mizani ya kuanzia.

Hapa niseme neno juu ya saa, kwa sababu ni mtego wetu sisi Waswahili. Paris, kwenye kituo cha Meudon, kuna hazina iitwayo BeSS inayokusanya spektra za nyota za aina ya Be, na hupokea kazi za watu wa ridhaa baada ya kuzichunguza. Kila faili lazima liwe na tarehe na saa ya ulimwengu. Saa tatu usiku ya Suam ni saa 21 kwa hesabu ya mtandao, na ni saa 18 ya ulimwengu. Mtu akiandika "3" kwenye daftari usiku wa baridi na umande, kesho yake hatajua alimaanisha ipi kati ya hizo. Andika saa ya ulimwengu tangu mwanzo, kwenye daftari na kwenye kompyuta.

Nisiahidi yasiyowezekana. Kwa kioo cha mistari 100 hutaiona Buru ikiivuta Kalausi. Mwendo wenyewe ni makumi machache ya mita kwa sekunde, na mistari husogea kwa sehemu ndogo mno ya ile nanomita moja ya pikseli yako. Kalausi yenyewe haionekani kwa macho, japo darubini ya macho mawili inaifikia. Lakini karibu yake, katika kundi lilelile la Vela, kuna Gamma Velorum, inayoonekana kwa macho bila taabu jioni za Februari na Machi ikiwa digrii zaidi ya 40 juu ya upeo wa kusini. Ndani yake kuna nyota iliyopoteza ngozi yake ya nje na sasa inapuliza kaboni na heliamu angani. Katika ufito wake, pale ambapo nyota nyingine zina mistari ya giza, utaona mistari ya kaboni inayowaka kama taa, mmoja kwenye buluu karibu na nanomita 465 na mingine kwenye manjano kati ya 569 na 581. Ni nyota angavu kuliko zote za aina yake, na baadhi ya waandishi wa programu nilizozitaja, walioko Ufaransa na Uingereza, hawaioni wakiwa nyumbani kwao au huiona ikiparaza upeo wa macho. Sisi tunaiona vizuri. Betelgeuse nayo, nyekundu kwenye bega la Orion, itakupa grafu yenye ngazi ngazi za titani oksidi, kwa kuwa ina ubaridi wa kutosha molekuli kuishi.

Ndiyo maana siwezi kuzungumzia programu hizi kama vitu vya kujiburudisha tu. Vijana wetu wanaambiwa wachague njia ya sayansi na teknolojia katika sekondari ya juu, na mara nyingi sayansi hiyo hufika kwao ikiwa picha kitabuni. Hapa kuna sayansi iliyo mlangoni, isiyotaka maabara, inayotumia hesabu za uwiano walizokwisha kufundishwa, na yenye maswali ambayo bado yako wazi. Mstari wa haidrojeni wa Achernar huwaka na kufifia kwa vipindi vya miaka. Kuna haja ya macho ya kuufuatilia, na macho ya kusini na ikweta ni machache kuliko ya kaskazini.

Mwalimu wa fizikia wa Kitale, Kapsokwony, Chwele au Endebess, nakuomba jambo moja. Pakua ImageJ wiki hii na uijaribu na picha ya boksi la CD. Mkipata kioo cha mistari, ongeza BASS. Desemba ikifika, toka na wanafunzi saa tatu usiku, muwe na masweta, kitambaa cha kufuta umande kwenye lenzi na daftari lenye saa ya ulimwengu. Anzeni na Gamma Cassiopeiae kaskazini, kisha mgeuke.